Kiwiko cha Mvivu

Mke wangu alipokuwa na mtoto wetu wa mwisho mgongoni, aliniambia kwamba kiwiko chake cha kulia kinamuuma anapotwanga. Mimi nilikuwa nimeketi nasubiri ugali. Nikamjibu, "Kiwiko hakiumi, mama. Kinachouma ni uvivu." Nikacheka peke yangu. Yeye alihamishia mchi mkono wa kushoto, akaendelea kutwanga. Mimi nikala.

Neno hilo, kwa miaka mingi, sikuliombea msamaha. Lilinifuata lenyewe.

Msimu uliopita, hapa Mbekenyera, majani yalikuwa yamerefuka chini ya mikorosho, na korosho zikidondokea kwenye majani huzioni tena. Wanangu walisema nisubiri Jumamosi tusaidiane. Mimi nina kidato cha nne, kwa hiyo hakuna anayeweza kunishauri. Nilifyeka siku sita mfululizo, nimelibana fyekeo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Siku ya saba kikombe cha chai kilinishinda. Maumivu yalikaa upande wa nje wa kiwiko, yakashuka hadi kwenye kiganja. Ijumaa, baada ya sala, mzee mwenzangu alinipa mkono nikapiga yowe msikitini.

"Vipi, sheikh, dhambi zinatoka?" akauliza.

Nyumbani nikanyamaza. Ningeanzaje kumwambia mke wangu, tena yeye, kwamba kiwiko kinauma? Nikaamua kujitibu. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza. Kila mtoto wa huku ameshayaonja kwa midomo yake. Nikawaza: kinachounguza ngozi kitaunguza na maumivu. Nikabangua korosho tatu, nikajipaka.

Kulipokucha kiwiko kilikuwa kimejaa malengelenge, na mkono wa shati haukupita. Mke wangu akanikuta nimekwama.

"Umejifanya nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Akatazama kiwiko, akatazama fyekeo lililoegemea mlango.

"Kumbe uvivu unaambukiza," akasema.

Tulipanda mshikaki, watatu kwenye bodaboda moja, hadi Ruangwa. Tabibu, binti wa umri wa wajukuu zangu, akauliza, "Babu, umejikaanga?" Akasafisha kidonda kwanza. Kisha akaniambia ninyanyue kiganja huku yeye akikisukuma chini. Nikapiga yowe la pili.

Alieleza kwamba misuli inayonyanyua kiganja imeshikizwa kwenye mfupa wa kiwiko kwa kano. Ukibana kitu kwa nguvu na kurudia tendo lilelile kutwa nzima, kano inachoka na haipati nafasi ya kupona. Nipumzike kufyeka, lakini mkono nisiufungie ndani. Vitu nivibebe kiganja kikiangalia juu. Mpini wa fyekeo niuviringishie mpira wa baiskeli unenepe, nisilazimike kuubana. Kidonda kikipona, nishike chupa ya maji, niipandishe kwa msaada wa mkono usiouma, niishushe taratibu. Itachukua miezi.

"Na kutwanga je?" nikauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kutwanga, kukamua nguo, vyote vinaleta."

Mke wangu akapandisha mkono wa gauni lake. "Basi nitazame na mimi."

Tabibu akabonyeza palepale panaponiuma mimi. Mke wangu akauma mdomo.

"Tangu lini, bibi?"

"Kinapoa, kinarudi. Tangu nabeba mtoto mgongoni."

"Hukumwambia mtu?"

Mke wangu akatazama ukuta. Zamu ilikuwa yangu, na safari hii sikuwa na utani wa kujifichia.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Nilimwita mvivu. Nilikosea, mama. Nisamehe."

Akashusha mkono wa gauni, tukapanda bodaboda kurudi. Jioni alitoa chupa mbili za maji, moja akaiweka mbele yangu.

Tangu siku hiyo nguo nakamua mimi, kwa mkono wa kushoto, na zinachuruzika kwenye kamba mpaka majirani wanauliza kama mvua ilinyesha kwetu peke yetu. Asubuhi tunakaa barazani na chupa zetu. Yake inashuka polepole, imetulia. Yangu inatetemeka.

"Taratibu, mvivu," ananiambia.

Naitika.