Nilivyoyageuza Maneno ya Bibi Kokubanza

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka. Wewe unaniona mama mtu mzima, mwalimu, ninayeheshimika kwenye jumuiya, unadhani nilizaliwa hivi. Keti nikueleze. Nimesikia likizo hii unakwenda kujitolea kwenye maonesho ya vyuo vikuu, na nimesikia pia ulivyonung'unika kwamba mwenzako amepewa meza ya mbele na wewe umepewa viti. Manung'uniko hayo nayajua. Nimekula nayo na nimelala nayo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha tano, tuko likizo nyumbani Hamugembe. Vyuo vikuu vikaja Bukoba kwa maonesho ya siku tatu, wakatafuta wanafunzi wa kupokea wageni, kugawa vipeperushi na kupanga viti. Nikajiandikisha. Baba akasema niende pamoja na Adventina, binti wa baba mdogo, aliyekuja kututembelea kutoka Muleba. Tulikuwa darasa moja, ila nilimzidi miezi michache, naye akaniita dada. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke kutoka Dar es Salaam, tukimwita Madam. Alinisikiliza Kiingereza changu, akaniweka meza ya mbele. Adventina akampa viti na maji ya kunywa. Mimi nikaona mambo yamekaa sawasawa.

Madam akatuambia kwamba maonesho yakitoka Bukoba yatahamia Muleba, na kati yetu atachagua mmoja wa kufuatana nao, amwandikie na barua ya sifa. Sikuwa na shaka huyo mmoja ni nani.

Lakini wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee waliokuja na wajukuu wao kutoka vijijini walipokea vipeperushi vyangu kwa mikono miwili, wakavikunja vizuri, wakaenda kukaa kimya. Adventina akawapelekea maji. Akapiga magoti, akawaamkia kwa Kihaya, akawauliza habari za nyumbani na za migomba, ndipo akawauliza wamekuja na jambo gani. Wakafunguka. Asiyejua mkopo wa masomo ni nini akaelezwa, aliyedhani chuo ni cha watoto wa mjini tu akaelezwa. Kufika saa sita wazee walikuwa wamepanga foleni penye ndoo ya maji, na mezani kwangu nimebaki mimi na Kiingereza changu.

"Huyu mtoto mmemtoa wapi?" Madam akaniuliza, anacheka kwa furaha. Nikajibu kwamba ni ndugu yangu.

Jioni ile baba akatoa kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa tunayotafuna na wageni. Akampa Adventina kwanza, kwa heshima, kama anavyompa mtu mzima. "Umetutoa kimasomaso, mwanangu," akamwambia. Mimi hakuwahi kunitangulizia hata punje moja! Nilimwonea wivu, sikufichi. Nilimwonea wivu kwa sauti yake ya pole, kwa magoti yake, hata kwa kandambili zake zilizolika visigino. Hasidi hana sababu, na mimi wala sikuitafuta.

Siku ya pili akarudi bibi mmoja aliyehudumiwa jana yake, Bibi Kokubanza. Alitoka huko huko Muleba, amefikia kwa ndugu zake Nshambya, na nyuma yake amesimama mjukuu wake wa kike. Hakujua Kiswahili. Alimshika Adventina mkono, akamvuta hadi mbele ya Madam, akaanza kusema kwa sauti ya juu huku machozi yanamtoka. Madam, ambaye Kihaya hakukijua hata salamu, akanigeukia.

"Anasemaje?"

Bibi alikuwa anasema hivi: "Nilikuja hapa nimeshapata mtu wa kununua kipande cha kibanja changu, shamba letu la migomba, ili mjukuu wangu asome. Kibanja alichozikwa mume wangu! Mtoto huyu akaniambia, bibi, usiuze, kwanza tuombe mkopo, tusubiri majibu. Mungu ambariki."

Na mimi, mwanangu, nikamwambia Madam: "Analalamika. Anasema Adventina alimshauri auze kibanja."

Ulimi hauna mfupa. Ulipinda kirahisi hata mimi nikashangaa. Madam aliyaona machozi ya bibi, akayachukua kuwa ya uchungu. Akamtazama Adventina kwa ukali, akamuuliza kama anajua kibanja ni nini kwa mtu mzima kama yule. Bibi wa watu yuko pale anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, akidhani anasifiwa mtoto.

Adventina alisikia Kihaya na alisikia Kiswahili. Alinitazama mara moja tu. Nilisubiri anikanushe, nikawa nimeshaandaa uongo wa pili. Alivua kitambulisho cha kujitolea shingoni, akakiweka juu ya meza yangu, akatoka. Kesho yake asubuhi akamuaga baba, akasema mama yake anamhitaji shambani, akapanda basi la Muleba. Baba akaniuliza kulikoni. Nikasema sijui.

Siku hiyo ya tatu Madam akanichagua mimi. Nilifurahi, ndiyo, kwa muda wa saa moja hivi, maana njia ya mwongo ni fupi. Nikamwona Bibi Kokubanza anaingia, safari hii hana tabasamu. Mjukuu wake alikisikia Kiswahili changu, ila aliona aibu kusema mbele ya wakubwa. Walipofika Nshambya akamweleza bibi yake kila neno.

Bibi hakunipigia kelele. Alikuja karibu, akaniambia polepole kwa Kihaya: "Waitu, binti, mimi nimebaki na meno manne, lakini mdomo bado ni wangu. Umeutumia kumwua mtoto wa watu. Leo utanirudishia maneno yangu. Twende kwa huyo mama yako wa Dar es Salaam. Mimi nitasema, na wewe utatafsiri."

Tukaenda. Akasema sentensi moja, akasubiri. Nikatafsiri. Akasema ya pili, akasubiri. Mjukuu alisimama kando yetu akinisikiliza. Nilitafsiri kwamba kibanja hakikuuzwa. Nilitafsiri kwamba aliyekiokoa ni Adventina. Kisha bibi akasema, "Mwambie: binti huyu alikudanganya kwa sababu ya wivu." Nikalitafsiri na hilo, mwanangu, kwa Kiswahili fasaha, watu wamesimama, jasho linanitiririka mgongoni. Madam hakunitukana. Alinyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu, akanipa kile cha Adventina. Akasema, "Maonesho yakifunguliwa Muleba, nataka kukiona shingoni mwake."

Nilipanda basi la asubuhi. Nilimkuta Adventina kibanjani anachuma kahawa, nikalia kabla sijafika. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile.

"Ningesema nini, dada?" akanijibu. "Nalala kwenu, nakula kwenu, halafu nisimame mbele ya watu niseme binti wa baba mkubwa ni mwongo?"

Akakichukua kitambulisho, akanisamehe, na chakula cha mchana tukala sahani moja. Maonesho ya Muleba aliyafanya yeye, akapata barua yake. Nikadhani yamekwisha.

Miaka ikapita, akapata mchumba wa mbali, na wakwe wakaja kwao kujitambulisha. Wazee wetu walitaka kusema kwa Kihaya, ikatakiwa mtu wa kuwatafsiria wageni. Baba akanitaja mimi, mwalimu. Adventina akainamisha kichwa, akasema kwa adabu, bila hasira yoyote, "Baba mkubwa, naomba atafsiri mtu mwingine."

Wote walidhani ananionea huruma nisichoke. Mimi na yeye tulijua.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Wivu utakujia, mimi unanijia mpaka leo, mwalimu mwenzangu akisifiwa tu nausikia unapiga hodi. Usione haya kwamba umekuja, ila usiukabidhi ulimi wako. Mwenzako akipendwa na watu, nenda ukatazame anafanyaje, ujifunze. Ukipewa viti, vipange vizuri. Na mtu akikuamini umfikishie maneno yake, yafikishe kama yalivyo hata kama yanamsifu mtu unayemchukia. Maji yakimwagika hayazoleki. Msamaha nilipewa siku ile ile, lakini imani ya ndugu yangu naendelea kuingoja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo mpana wa kufurahia sifa za mwenzako, akulinde ulimi wako, na siku ndugu yako atakapohitaji mtu wa kumsemea, akuite wewe.