Ushuhuda Ambao Sikuutoa

Padri ameniomba nifundishe wazazi wa kanisa letu hapa Busia namna ya kuzungumza na watoto kuhusu imani. Fisi amekabidhiwa bucha. Nimekubali, maana kukataa kungeleta maswali.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miezi minane aliposhikwa na homa. Mimi nilikuwa mama wa maombi, nikatangaza mfungo nyumbani. Tuliomba siku tatu, na hospitali ya Alupe iko karibu hivi kwamba ningeweza kwenda kwa miguu. Siku ya nne mtoto alifia mgongoni mwangu, juu ya bodaboda, tukikimbilia huko hospitali.

Wiki moja baada ya mazishi, nikichambua omena, binti yangu wa miaka minane akaniuliza, "Mum, kwani Mungu hakuskia?"

Ningemwambia sijui. Badala yake nilimwambia Mungu alisikia, ila kuna mtu aliyeomba huku amefungua macho, akimwangalia mtoto, na shaka ya mtu mmoja inatosha kuzuia maombi ya nyumba nzima. Nilisema kwa utaratibu kabisa, mikono ikiendelea na samaki. Nilimwona akielewa kwamba ni yeye. Nikapata nafuu.

Kwetu sisi tuliookoka, dhambi haifichwi. Kila Alhamisi jioni tunakutana kwa ushirika, na mwenye kosa husimama akalitaja. Alhamisi hiyo binti yangu alisimama bila kutumwa.

"Bwana asifiwe. Ni mimi nilifanya baby akufe. Sikuamini."

Akina mama wakaimba, wakamkumbatia. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Wakimtazama yeye, hakuna aliyekumbuka kuniuliza habari za hospitali.

Shuleni walimwita muuaji kwa miaka mitatu. Akirudi amelia, nilimwambia aombe.

Likizo iliyopita, sasa ana miaka kumi na mitano, nilimwambia ukweli: aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali ni mimi. Nilitarajia machozi, pengine msamaha. Aliendelea kupiga pasi sketi yake.

"Mimi nilisema mbele ya watu," akanijibu. "Na wewe usimame useme."

Alhamisi tukaenda pamoja, akaketi kando yangu kwenye benchi. Kiongozi akauliza nani ana neno. Nikasimama. Nyuso za watu walioniheshimu miaka yote hiyo zikanigeukia, nami nikamshukuru Mungu kwa mvua.

Wakasema amina. Niliona aibu, lakini nikaketi.

Binti yangu akachukua sweta yake. Magoti yangu yalikuwa yamemzibia njia. Hakuniita Mum.

"Naomba kupita, mama," aliniambia kwa adabu, kama anavyowaambia wanawake asiowajua sokoni, nami nikampisha.