Mjomba Hakai Jikoni

Nyumbani kwetu Bagamoyo watu walibishana juu ya kabila kuliko juu ya mvua. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisema sisi ni Washirazi, tena wa damu safi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyejua huko Shirazi ni upande gani. Baba alisema sisi ni Waislamu, basi. Mama alikuwa Mkwere wa Mkange, na yeye hakusema kitu. Alikwisha kufundishwa kwamba aliyeolewa mjini hana kwao. Mimi niliyaona yote hayo upuuzi tangu nikiwa mdogo, maana nilikuwa na mjomba.

Kila masika nilipelekwa kwake Mkange. Huko nilifundishwa kuamia ndege kwenye mpunga, kula ugali wa muhogo bila kukunja uso, na kujibu utani kwa utani. Kwa Wakwere mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake: binti haolewi mpaka mjomba aseme ndiyo. Mjini kwetu msemaji alikuwa baba peke yake. Sikuona kwa nini nichague mmoja, na sikuchagua.

Nikaposwa, enzi hizo za Mwingereza, na bwana mwenyewe nilimtaka. Asubuhi ya ndoa mjomba akafika kwa miguu, kanzu ameifunga kwenye kitambaa isiingie vumbi, jogoo kwapani. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha. Shangazi alimpokea kwa maneno matamu, akamzungusha hadi uani, akamketisha penye masufuria ya pilau, juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mwanamume mzima, juu ya mbuzi!

"Barazani wamo wageni wa Unguja," nilimsikia akimwambia mama. "Unataka wajue mdogo wangu alioa ushenzini?"

Mama akainamisha kichwa. Mimi damu ikanichemka.

Haukupita muda, mwalimu wa kufungisha ndoa na mashahidi wawili wakaja kusimama nje ya pazia la chumba changu, kuniuliza kama nimeridhia. Kwetu mwanamwali haulizwi ili ajibu. Anaulizwa, ananyamaza, akipenda analia kidogo, na kimya chake ndicho kukubali kwake. Mwalimu aliuliza huku ameshageuza mguu wa kuondokea.

"Sijaridhia," nikasema.

Shangazi, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanifinya paja. "Umepagawa wewe?"

"Mume namtaka. Lakini siolewi mjomba wangu akiwa amekalia mbuzi. Naye aje aulizwe."

Nje ya pazia mashahidi wakakohoa. Mjomba alikuwa amesikia, akasogea hadi mlango wa uani. "Mwipwa wangu," akaniambia kwa upole, "mimi hapa pananitosha. Usiharibu shughuli ya watu."

"Panakutosha wewe, mjomba. Mimi hapanitoshi."

Akaitwa baba. Aliingia na joho lake la harusi, uso umemshuka. "Mwanangu, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Baba, si wewe unayesema sisi ni Waislamu, basi? Na huyu aliye uani si Mwislamu?"

Bwana harusi angeweza kunyanyuka akaenda zake, na hapo ningebaki gumzo la mji mzima. Nilijua hivyo, na bado sikuteremsha macho.

Baba akatoka kwenda uani, akamshika mjomba mkono, akampitisha barazani katikati ya wageni wote, akamketisha kwenye mkeka ubavuni pake. Nikamsikia akisema, "Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni Mkwere wa Mkange. Muulizeni."

Mjomba akaulizwa, akasema amekubali.

Mwalimu akarudi penye pazia. Shangazi akaninong'oneza, "Sasa nyamaza, walau ufuate ada."

"Nimeridhia!" nikajibu, kwa sauti iliyofika barazani.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba siku ile nilikosa adabu. Nilikosa, na binti zangu wote nimewafundisha kuikosa.