Siku Polisi Walipokuja Matangani

Watu wa hapa hupunga mikono. Hilo nililiona mara tu mimi na mume wangu tulipohama kutoka maghorofa ya Brooklyn Park, walikojaa Waafrika wenzetu, na kununua nyumba huku Apple Valley. Ukitoa pipa la takataka, jirani anapunga. Ukiingiza gari, anapunga. Ukiteleza kwenye barafu ukaanguka chali, vitunguu vyako vikatawanyika barabarani, anapunga, kisha anakuuliza kama huoni leo kuna kibaridi kidogo. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mjane wa umri wa mama yangu, alinipungia asubuhi na jioni kwa miaka mitatu, na mguu wake haukuwahi kuvuka kizingiti changu. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Wahenga hawakuwahi kuishi Minnesota.

Nikilalamika, mume wangu alikuwa akicheka. "Si wabaya," angesema. "Wana haya tu. Hawa wanaona haya kuliko bibi arusi." Yeye anafanya kazi kiwandani kule Plymouth, na tabia zao alikuwa amezishika vizuri. Akipewa kahawa anakataa kwanza, anakataa tena, ndipo anapokea. Aliniambia kwamba kazini kwao kipande cha mwisho cha keki hakiguswi na mtu. Kila apitaye hukikata nusu, nusu ya nusu, mpaka kinabaki kijipande cha kulisha panya, na hata hicho kinakauka hapo kwenye sahani. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Uvumilivu wangu wote huishia huko, nikifika nyumbani sina tena wa kuwagawia majirani.

Januari, mama yake mume wangu alifariki. Simu ilimkuta nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Aliongea, akaiweka simu mfukoni, akamaliza kukwangua upande wa pili, ndipo akaingia ndani na kuniambia, "Mama ameenda." Kisha akapiga simu kazini kusema atachelewa. Atachelewa! Nilimpokonya funguo za gari nikazificha.

Kwenda kumzika hakuweza. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado, na wakili alimwambia wazi kwamba akitoka nchini kabla hazijakamilika, kurudi asahau. Yeye ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza kaburini ulikuwa wake kutia, na sasa ungetiwa na mdogo wake. Alinieleza haya yote kwa sauti ileile anayonielezea ratiba ya zamu, jicho kavu kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. Nimeona kazini kwangu wazee ambao hawakumlilia mtu wao alipokufa. Hukaa na kile kitu kifuani mpaka kinawaharibu.

Basi nikaweka matanga nyumbani. Kwetu msibani hakualikwi mtu. Unasogeza makochi ukutani, unabandika chai kwenye sufuria kubwa kuliko zote, mlango unaacha bila kufungwa, na watu wanakuja wenyewe. Walikuja. Walitoka Brooklyn Park wakavuka jiji zima kwenye theluji, wamebeba chapati na ndengu, magari yakajipanga pande zote mbili za barabara. Kulikuwa pia na mama mmoja Mkongomani wa kanisa letu, mtu wa Kivu, ambaye akianza wimbo hata kuta hutaka kuitikia. Nia yangu ilikuwa moja tu, mume wangu alie. Wanaume wetu hawalii wakiambiwa walie, lakini wakiimbiwa wanaweza kulia.

Jioni ya kwanza alikuwa akipanga viti. Ya pili aliuliza kila mgeni ame-park wapi. Ya tatu, yule mama wa Kivu alianzisha wimbo wa zamani, ule ambao mama mkwe alikuwa akiuimba akipepeta mahindi, na mume wangu akaketi. Akanishika mkono. Alinibana vidole mpaka pete ikaniumiza, na mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nilisema moyoni, haya, sasa, toa.

Taa za bluu zikamulika pazia. Mtu akabisha hodi, na matangani hakuna abishaye hodi, kwa hiyo wimbo ukakatika.

Alikuwa polisi kijana, mwenye adabu, akapangusa viatu mlangoni. Alisema kuna malalamiko kutoka kwa jirani kuhusu karamu za jioni tatu mfululizo, kelele na magari. Karamu! Mume wangu akainuka. Akajifuta uso kwa kiganja, na nikasikia sauti yake ya kazini, ile ya Plymouth, ikitoka, laini, ya kuomba ruhusa. "Samahani sana, ofisa. Tunaomba radhi. Tutapunguza."

"Mwambie ni msiba!" nilimwambia kwa Kiswahili. "Mwambie umefiwa!"

Hakumwambia. Polisi alimtakia jioni njema akaenda zake. Watu wakaanza kuvaa makoti yao kwa kunong'ona, na mzee wa kanisa akamvuta mume wangu kando. "Shemeji, kesho tukutane tu church basement, kule chini ya kanisa. Hapa wata-tow magari zetu, watazivuta zote."

"Hapana, mzee," akajibu. "Imetosha. Tumesumbua watu."

Tumesumbua watu. Neno hilo lilinichoma kuliko yule polisi. Mtu amefiwa na mama aliyemzaa, hawezi kwenda kumzika, anaimbiwa nyimbo chache ndani ya nyumba aliyoinunua kwa jasho lake, kisha yeye ndiye anayeomba radhi! Nilivunja sahani nikiosha vyombo, na sikusema ilikuwa bahati mbaya.

Kesho yake nilivuka barabara bila koti, maana polisi alipoondoka niliona pazia la dirisha la ng'ambo likirudishwa. Yule mjane alifungua mlango akitabasamu, akaanza, "Habari za leo! Wanasema wiki hii baridi itazidi..."

"Ulituitia polisi," nikasema.

Alibadilika rangi kuanzia shingoni kupanda juu. Alishika kitasa, akaachia, akashika tena. Akaniambia aliona magari mengi, akasikia nyimbo, akadhani ni sherehe, na hakuwa na neno na sherehe, ila zilikuwa zimemnyima usingizi.

"Kwa nini hukuja kuuliza? Ni hatua chache tu."

"Sikutaka kuwasumbua," akasema.

Nilimtazama nione kama ananifanyia mzaha. Wala. Huyu mama aliona ni utovu wa adabu kugonga mlango wangu na kuuliza kuna nini, kwa hiyo kwa heshima zake zote akamtuma mtu mwenye bastola.

"Mama wa mume wangu amekufa," nikamwambia. "Wale walikuwa waombolezaji."

Akaziba mdomo kwa mkono. "Laiti ningalijua."

"Ungalijuaje? Miaka mitatu unanipungia mkono tu!" Nilikuwa napiga kelele sasa, na mwanamume aliyekuwa akitembeza mbwa alivuka upande wa pili. "Kwetu msiba hauna mwaliko. Mlango uko wazi. Na mtu akikosea waliofiwa, anakuja kuketi nao. Njoo leo."

Msidhani ulikuwa ukarimu. Nilitaka aje auone uso wa mume wangu ajue alichofanya. Nilitaka aibu imshike ndani ya nyumba yangu, juu ya kochi langu, nikimwangalia.

Alikuja jua likiwa halijazama, amekumbatia bakuli lililofungwa taulo, hotdishi yao ile ya nyama na viazi vya kuoka. Alivua buti mlangoni. Nilimketisha uso kwa uso na mume wangu, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuona hajui aweke wapi mikono yake. Aliomba msamaha kwa habari ya polisi. Mume wangu akatabasamu, akasema hakuna shida, hakuna shida kabisa. Nikawaza, haya basi, wameshakutana wenye adabu, sasa wataongea habari za theluji.

Kisha yule mama akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, mama yako?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na trei ya chai. Katika watu wote waliopita nyumbani mwetu, hakuna aliyeuliza hilo. Tulisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Tuliomba, tukaimba, tukala. Mimi mwenyewe sikuuliza, maana nilimjua mama mkwe wangu, ya nini kuuliza?

Mume wangu aliitazama mikono yake. Akasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa mfupi. Kwamba alikuwa akicheka ameziba mdomo kwa sababu ya pengo. Kwamba kila asubuhi, kabla ya kumwachilia aende shule, alimvuta karibu na kumnusa shingo ahakikishe ameoga. Mimi hilo la shingo sikuwahi kulisikia. Alitaka kuongeza neno jingine, kifua chake kikafunguka. Alilia kwa sauti, ameinama mpaka magotini, na yule mwanamke aliyetuitia polisi akahamia pembeni yake akamshika bega.

Najua ningepaswa kushukuru. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo. Kilio kile nilikitafuta kwa kila njia. Nilipika, nilipakua, nilileta Brooklyn Park nzima sebuleni, na yeye akaenda kukitoa kwa Kiingereza mbele ya mtu ambaye hata jina la mama mkwe asingeweza kulitamka. Na mimi, mkewe, nimesimama na chai inayopoa.

Nikaweka trei sakafuni. Nikaenda mpaka kwenye kochi, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, nikamwambia yule mama kwa Kiswahili, "Sogea."

Akasogea.