Nyumba Zilizohama Wakati wa Chakula

Nyumba ya shangazi yangu ilihama wakati tunakula chakula cha mchana.

Msicheke. Niliiacha ukingoni mwa mto, nikaenda kula, niliporudi nikaikuta imepanda mlimani, imejibanza karibu na shule kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Ngojeni nieleze kabla hamjasema nimechanganyikiwa.

Kazi yangu ni kuendesha warsha. Naitwa mahali, nakaa na wakazi siku kadhaa, tunajadili jinsi ya kuishi na hali ya hewa iliyogeuka: mvua za fujo, joto la kukausha visima, mafuriko. Sisimami mbele na fimbo. Wenyewe wanasema, wenyewe wanachora, wenyewe wanaamua. Ndiyo maana inaitwa warsha shirikishi.

Safari hiyo nilipelekwa mtaa anaokaa shangazi yangu, dada yake baba. Nikafikia kwake. Chumba alichonipa, ukuta una doa la maji lililopita juu ya mto wangu wa kulalia. Mafuriko ya mwaka uliopita yalifika hapo.

Ukumbini tulitandika mashuka meupe yaliyoshonwa pamoja, tukajenga mtaa mzima juu yake. Kamba ya bluu ndiyo mto. Vijiti ndizo njia. Kila mwenye nyumba akachagua jiwe, akalitia alama yake kwa mkaa, akaliweka nyumba yake ilipo. Mwisho tukazungushia utepe mwekundu kuonyesha maji yalifika wapi.

Siku ya kufunga, ofisa wa mipango angekuja kuinakili ramani ile, na mtaro mkubwa wa maji ya mvua ungechimbwa kwa kuifuata. Tukikosea ramani, mtaro unapita pasipo na shida, na wenye shida wanaendelea kulala juu ya meza.

Sasa mnaelewa kwa nini jiwe la shangazi lilipohama, moyo ulinipasuka.

Nikauliza, "Jamani, nani amegusa ramani?"

Watu wakatazamana kama abiria waliosikia harufu mbaya.

Nikalirudisha jiwe. Kesho yake asubuhi, duka la fundi cherehani, ambalo lilikuwa juu kabisa kilimani, nikalikuta linaogelea mtoni. Mchana, nyumba mbili za mwenyekiti wa mtaa, zile anazopangisha, nazo zikaingia ndani ya utepe mwekundu. Jiwe la shangazi nalo likapanda tena mlimani.

Niseme ukweli, mimi kwa kushuku sijambo. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi kidogo najiuliza anataka nini. Basi hapo nikaanza kuwaangalia watu mikono. Nikaanza kusikiliza nani anamnong'oneza nani. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Nikitoka, yanaanza.

Jioni nikamuuliza shangazi.

"Mwanangu," akasema huku anapepeta mchele, macho hayatoki kwenye ungo, "mwenye ufunguo wa ukumbi ni nani?"

"Kufuli."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Kufuli ndiye mtunza ukumbi. Walimpa jina hilo kwa sababu ya rundo la funguo kiunoni, na kwa sababu mdomo wake haufunguki ovyo. Yeye na mkewe walikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya ukumbi. Ndiyo mshahara wake ulivyokuwa: unafagia, unapiga deki, unapata pa kulala.

Kwenye warsha alikuwa anakaa mlangoni, hasemi neno.

"Mtu asiyesema anawaza," mwenyekiti aliniambia kesho yake, kanivuta pembeni. "Na huyu hana nyumba kwenye ramani, mwalimu. Hana jiwe hata moja. Unadhani mtu kama huyo ana uchungu gani na ramani yetu? Huyo anaharibu kwa kijicho."

Likaniingia. Kweli, wote walikuwa na mawe isipokuwa yeye.

Halafu nikamkuta kwa macho yangu. Nilifika mapema kuliko watu wote, nikachungulia dirishani, Kufuli kapiga magoti pembeni ya ramani, kitambaa mkononi, anasugua shuka.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

Akashtuka. "Nafuta, mwalimu."

"Unafuta nini?"

Akakikunja kitambaa, akakiangalia, akaniangalia. "Uchafu," akasema, akaondoka zake.

Uchafu! Nikajisemea, mzee, umekwisha.

Nikafanya kosa la kumwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote, akakohoa kile kikohozi cha viongozi, akatangaza: "Leo likihama jiwe lolote wakati wa chakula, Kufuli anakabidhi funguo na chumba jioni hii hii. Tumechoka kuchezewa."

Watu wakapiga makofi. Fundi cherehani alipiga zaidi ya wote.

Kufuli hakujitetea. Alimwangalia tu mkewe aliyekuwa anapita uani na ndoo, na yule mama akaitua ndoo chini taratibu. Alikuwa amesikia.

Hapo roho ikanisuta kidogo. Kumtoa mtu kwenye chumba si mchezo. Nikasema nitafute ushahidi kabisa, ili hata nikilala nilale.

Nikaenda kibandani kununua poda ya watoto, kopo zima.

"Hongera," muuzaji akaniambia. "Kajifungua nani?"

"Mtu atajifungua leo hii," nikamjibu. Akabaki ananishangaa.

Mnaona akili yangu? Ramani ni kubwa. Mawe yako katikati. Huwezi kuligusa jiwe bila kukanyaga shuka, na huwezi kulipanga vizuri bila kupiga goti. Shuka jeupe, poda nyeupe. Mwizi haoni kitu, lakini anatoka nayo.

Watu walipotoka kwenda kula nikabaki nyuma, nikanyunyiza pande zote nikirudi nyuma taratibu mpaka ukingoni, nikavisugua viatu vyangu kwa kitambaa chenye maji. Kufuli akafunga mlango wa mbele mbele ya macho yangu. Nikaenda kukaa uani na sahani, nikimkazia jicho.

Alikaa kwenye ngazi ya chumba chake muda wote. Hakula.

Lakini ule mchana, sijui niseme nini, matumbo ya watu yalikuwa na kazi. Alianza fundi cherehani: "Naenda msalani mara moja." Akafuata mwenyekiti. Halafu akina mama wawili, halafu mwingine, halafu shangazi. Choo kiko nyuma ya ukumbi, karibu na mlango mdogo ambao komeo lake nilikuwa sijawahi kuliangalia. Wengine walikwenda wanakutana na wanaorudi, hawasalimiani.

Mimi macho kwa Kufuli tu. Nikaona anajifanya mjanja, anasubiri nipepese.

Tuliporudi ndani, jamani, mtaa ulikuwa umetikisika. Hakuna jiwe lililobaki kwake. Nusu ya kilima ilikuwa imeteremka mtoni, nusu ya mto ilikuwa imepanda kilimani. Mawe mengine yalikuwa yamewekwa mpaka juu ya paa la shule.

"Nilisema!" mwenyekiti akafoka. "Nilisema mimi! Kufuli, lete funguo!"

Kufuli akaja mlangoni. Akavua ndala zake kwanza, kama alivyokuwa anavua kila siku, maana sakafu ile ni yeye anayeipiga deki. Akasimama peku, funguo mkononi. Nyuma yake, uani, niliona mkewe anakunja godoro.

Nikataka kusema kitu, nikavuta pumzi. Na hapo ndipo pua ikanishtua.

Ukumbi mzima ulikuwa unanukia kliniki ya watoto.

Nikasogea kwa Kufuli. Anatoa harufu ya sabuni ya deki na jasho, basi. Nikarudi nyuma hatua moja nikamgonga mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ananukia kama katoka kuogeshwa sasa hivi.

Nikashusha macho. Suruali yake nyeusi ya heshima ilikuwa na magoti mawili meupe, peee!

Nikawageukia wengine.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba kila mtu akae chini, anyooshe miguu, tuone nyayo za viatu."

"Mchezo wa kuchangamsha mwili?" fundi cherehani akauliza.

"Eeh. Mchezo."

Wakakaa. Wakanyoosha.

Jamani. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Mstari mzima wa soli nyeupe, za ndala, za raba, za viatu vya ngozi. Mama mmoja alikuwa na poda mpaka kwenye viganja. Watu wakaanza kuangalia miguu ya wenzao, kisha wakaangalia ya kwao, kisha wakaanza kuificha.

Nikafika kwa shangazi yangu, damu yangu, aliyenilaza kwake, aliyesema yeye hajasema kitu.

Zake ndizo zilizokuwa nyeupe kuliko zote.

"Shangazi!"

"Usiniite shangazi!" akanirukia kama mimi ndiye niliyekamatwa. "Ulitaka nikae tu nisubiri tingatinga? Walisema nyumba zilizo ndani ya utepe mwekundu zitavunjwa. Ile nyumba kaniachia marehemu mume wangu. Mkononi mwako wewe ndiyo ivunjwe?"

"Zivunjwe?" Fundi cherehani akainuka. "Nani kasema? Mimi nimesikia zilizo ndani ya utepe zitajengwa upya, za matofali!"

"Na mimi," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, anapangusa magoti.

Kikaumana. Nusu walikuwa wanakimbia utepe, nusu wanaukimbilia, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye akili.

"Lakini haya mambo ya kuvunja na kujenga mmeyatoa wapi?" nikauliza. "Mbona hamkuniuliza?"

Wote wakaniangalia. Yaani wote.

"Tulikuuliza," shangazi akasema. "Siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono, nikauliza nyumba za ndani ya utepe zitafanywa nini. Ukanijibu nini?"

Nikakumbuka.

Sisi waendesha warsha tuna mtindo wetu. Tulifundishwa kwamba ukiulizwa swali usilijibu, lirudishe kwa watu, walizungumze wao. Nilikuwa najivunia sana mtindo huo. Nilikuwa nautumia hata nyumbani.

"Ulisema, 'Swali zuri sana. Nyinyi wenyewe mnaonaje?'" fundi akaniiga, mpaka na tabasamu langu. "Ukabandika karatasi ukutani, tukaenda chai. Sasa mtu akikuficha jibu halafu anacheka, unadhani ana mema?"

Karatasi ilikuwa bado ukutani, tupu. Wakati nawashuku wao, wao walikuwa wananishuku mimi tangu chai ya kwanza.

Nikageuka kwa Kufuli. Alikuwa bado kasimama pale mlangoni. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la uani, haina hata chembe ya poda.

"Mzee wangu, na asubuhi ile ulikuwa unafuta nini?"

"Alama za viatu, mwalimu. Walikuwa wanaingia na matope."

"Kwa hiyo ulikuwa unawajua?"

"Nawajua."

"Mbona hukuwataja? Ulikuwa unapoteza chumba!"

Akazipima zile funguo mkononi. "Nikimtaja mmoja inabidi niwataje wote. Halafu nikae na nani?" Akamwangalia mwenyekiti, si kwa hasira, kwa kuchoka. "Na mimi sina jiwe humo ndani. Ningehamisha nini?"

Mwenyekiti akainama kama anatafuta kitu sakafuni. Nami niliona aibu, aibu ile ya kutaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekubali kirahisi kwamba mtu asiye na jiwe ndiye mwenye kosa.

Nikamwomba radhi mbele ya wote. Mwenyekiti naye akaomba, kwa kigugumizi, na fundi cherehani akatoka mbio kwenda kumsaidia yule mama kurudisha godoro.

Kufuli akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi. Tangu warsha ianze hakuwa amenyoosha.

"Nina swali. Nyumba zilizo ndani ya utepe zitafanywa nini?"

"Swali zuri sana," mdomo wangu ukasema wenyewe.

Ukumbi mzima ukaguna.

Nikajiuma ulimi. "Hazivunjwi," nikasema. "Na hazijengwi upya, msidanganyane. Mtaro unachimbwa upite karibu nazo ili maji yasiingie ndani. Basi. Zaidi ya hapo mimi sijui, na nisilolijua nitamuuliza ofisa mbele yenu."

Sikuwaomba warudishe mawe. Waliinuka wenyewe, mmoja mmoja, wakavua viatu kama Kufuli. Kilima kikapanda, mto ukateremka. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alilipangusa jiwe lake kwa khanga, akaliweka ukingoni mwa mto, akabaki kaliwekea mkono juu.

Kisha nikaokota jiwe jingine, nikampa Kufuli pamoja na kipande cha mkaa.

Aliliweka nyuma ya ukumbi. Halafu, polepole, akauvuta utepe mwekundu mpaka ukapita upande wa pili wa jiwe lake.

"Na kwenu yalifika?" nikamuuliza.

"Yalifika kitandani."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mtaro umechimbwa. Unapita nyuma ya ukumbi, unateremka hadi kwa shangazi, ambaye siku hizi ananipigia simu mvua ikinyesha ili nisikie jinsi maji yanavyopita nje.

Nililobeba ni hili. Mtu anayehofia nyumba yake akikuuliza kitu, mjibu. Kama hujui, mwambie hujui. Ukimrudishia swali lake atakwenda kulijibu mwenyewe kwa hofu yake, na kabla jua halijazama atakuwa ameshapata wa kumlaumu, naye huwa ni yule asiyesema.

Ofisa alipokuja kunakili ramani aliinama, akanusa, akaniuliza, "Mbona mtaa wenu unanukia mtoto mchanga?"

Watu wote wakanigeukia, wanasubiri nitasemaje.

Nikamjibu.