Miduara Mitatu ya Pemba

Mwaka 1995, mvua zilipoanza, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na matanga ya mume wangu yalikuwa hayajaondolewa. Ndipo damu ilipoanza kunitoka nje ya siku zangu. Yakafuata majimaji yenye harufu. Kwetu Likasi, mjane akitokwa na damu ovyo kabla ya kufunguliwa matangani, husemwa kwamba amelala na mwanamume na marehemu amemkasirikia. Sikulala na mtu. Hata hivyo niliona aibu, na kanisani nikahamia benchi la nyuma, karibu na dirisha.

Wifi yangu Ngalula, dada mkubwa wa marehemu, aliinusa harufu ile. Mawifi kwetu huitana mulamu.

"Mulamu, ni harufu gani mu nyumba ya ndugu yangu?"

"Ni panya," nikajibu.

Mwezi Februari 1996 nilianguka sokoni. Hospitalini wauguzi walikuwa hawajalipwa kwa miezi. Glavu za kunipimia nilizinunua mwenyewe. Daktari, mwanamke kijana, aliponichunguza nilifunika uso kwa kitambaa. Kisha akachora miduara mitatu sakafuni kwa chaki: wazima, wale ambao mlango wa kizazi umebadilika bila wao kuhisi lolote, na wenye saratani.

"Mama, kutoka huku mpaka kule ni miaka mingi. Mie nafanya hesabu ya muji muzima namna hii. Kama tunachunguza kila mama angali mu ya pili, tunamurudisha ku ya kwanza. Ya tatu inabakia karibu bule, bila mutu."

"Na mie?"

"Uko mu ya tatu, mama. Lakini ku mulango tu."

Nilijifunza hesabu ukubwani, nikiwa na watoto wanne. Hiyo niliielewa mara moja, nikalia.

Tarehe 4 Machi walikitoa kizazi changu chote. Kwa siku nyingi nilikojoa kwa mpira. Nikapona, namshukuru Mungu na daktari yule. Siku hizi iko chanjo inayowazuia mabinti kutoka mduara wa kwanza. Ikiwafikia, wachanjwe, na ninyi mama zao mchunguzwe kabla ya kuhisi chochote.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1996, Ngalula alisimama mbele ya ukoo na bakuli la pemba, ule udongo mweupe wa kumfungulia mjane. Akauliza kama desturi inavyotaka:

"Mwili yako iko safi?"

Nilichovya kidole katika pemba, nikainama, nikachora miduara mitatu chini. Nikaeleza yote, hata harufu.

"Haikukuwa panya, mulamu."

Mtu mmoja akacheka. Ngalula akaiinamia miduara.

"Na mie? Niko mu gani?"

"Hakuna mwenye kujua mpaka uchunguzwe."

Akanipaka pemba usoni, akautangazia ukoo kwamba matanga yamekwisha.