Milango Aliyoichomelea Kaka

Kazini walimwita Bi Lenzi, naye aliitika bila kinyongo, maana maisha yake kweli yalikuwa yakipita kati ya lenzi na fremu. Alikaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, mbele ya mashine ya kusagia iliyomwaga maji meupe kama chokaa, akizikata lenzi za watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Alikuwa mtaratibu, hana makuu, na wenzake walidhani amezaliwa hivyo hivyo, mkimya.

Wangemwona utotoni wasingesema hayo. Nyumbani kwao aliitwa Kasuku. Jina alipewa na kaka yake, aliyemzidi miaka michache, kwa sababu kitu akishakisoma hakimtoki mdomoni mpaka wote wa nyumbani wakiimbe. Na walichokuwa wakisoma wawili hao ni manga, zile hadithi za picha za Kijapani za vijana na mapigano, ambazo mama mmoja wa jirani alizikodisha kitabu kimoja kimoja. Kwa kuwa vitabu vile husomwa kuanzia kulia, mama yao alipowaona mara ya kwanza wameshika kitabu na kukifungua mwishoni, aliguna tu.

"Hata kusoma mnasoma kinyumenyume. Mkikua mtatembea kwa mikono."

Hadithi zenyewe zilikuwa mbili, zote ndefu zisizojua kwisha. Ya kaka iliitwa *Milango Elfu*. Kijana mmoja mchekaji anapita mlango baada ya mlango, na kila mlango una nchi nyuma yake, yenye upepo wake, sheria zake, sarafu zake na namna yake ya kuzika wafu. Ya Kasuku iliitwa *Mbeba Kengele*. Humo mlikuwa na kijana mwoga aliyepewa kazi ya kugonga kengele ya hatari katika ngome, na siku ya kwanza alipowaona maadui aliitupa kengele akakimbia. Hadithi nzima ilihusu mtu huyo kujifunza kutokimbia.

Kila mmoja alisoma ya mwenzake ili apate la kusema.

"Mtu wako ndiye yule yule tangu sura ya kwanza," Kasuku alikuwa akisema. "Kafiwa, kapigwa, kavuka nchi mia, bado anacheka kicheko kile kile. Hajifunzi?"

"Anajifunza nini wakati dunia ndiyo inayokua? Wewe tazama ule mto wa mlango wa saba. Umerudi juzi, mlango wa mia mbili, umekauka, na tunajua nani aliukausha. Mwandishi aliliweka jiwe la kuuziba tangu mlango ule wa saba. Huo ndio ufundi. Hiyo ngome yako hata haina soko. Watu wako wanakula wapi?"

"Wanakula kwenye kurasa ambazo hazikuchorwa."

"Basi kumbe wanashinda njaa kwa ajili ya kulia. Maana kulia wanalia."

Walibishana hivyo vyombo vikioshwa, nguo zikikunjwa, mpaka baba yao akauliza kama hao watu wa kwenye vitabu hawana wazazi wa kuwanyamazisha.

Kaka alijifunza kuchomelea vyuma. Alipopata kazi ya kujenga paa za maghala katika mji wa mbali, aliaga kama mtu anayekwenda dukani, akisema ni miezi tu. Mji nao ukamfanya kama mgeni wa siku ya tatu: ukampa jembe. Akapata karakana, akapata mke, akakaa. Mwanzoni kila sura mpya ilipotoka simu ililia, na Kasuku aliipokea kwa neno moja tu, "Umeona?" Halafu simu zikaanza kuruka sura moja, kisha mbili. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una suluhu. Wao walipungua tu, kama sabuni bafuni.

Wazazi walitangulia mbele ya haki, nyumba ikapangishwa, na Kasuku akawa Bi Lenzi. Aliendelea kusoma zote mbili, yake na ya kaka, kwenye simu, wakati wa mapumziko ya mchana. Alipofika mahali palipokuwa na ramani mpya aliinua uso kana kwamba kuna mtu wa kumwonyesha.

Siku moja mchana, akiwa ameketi kwenye kiti cha wateja kwa kuwa duka lilikuwa tupu, alifika kwenye sura ya mwisho ya *Milango Elfu*. Ilikuwa imemalizika. Aliisoma mara mbili, akafuta lenzi zake mwenyewe, akapiga simu. Upande wa pili wa simu grenda ya kukatia vyuma ilikuwa ikipiga kelele, kisha ikanyamaza.

"Kaka, imeisha."

"Nini imeisha, dada?"

 Hilo swali, na lile neno "dada", neno la heshima ambalo mtu humwita hata karani wa benki, vilimkaa rohoni kuliko msiba. Akasema, "Likizo yangu imekaribia. Nataka kuja kuwaona."

"Karibu sana. Wifi yako atafurahi."

Akasafiri. Aliteremka kituoni asubuhi, akaambiwa afuate barabara ya vumbi mpaka mwisho, aulize kwa Fundi Geti, ndivyo kaka alivyoitwa huko. Hakuhitaji kuuliza. Kwenye nyumba ya tatu alisimama na begi lake mkononi. Geti la nyumba ile lilikuwa na vyuma vilivyokunjwa kama mawimbi, na juu yake duara lenye meno. Alilijua. Ulikuwa Mlango wa Chumvi, ule ambao kijana mchekaji aliupita na kukuta bahari imesimama wima. Mbele kidogo akaona geti jembamba lenye vyuma vyote vimeinamia upande mmoja, kana kwamba vinasukumwa: Mlango wa Upepo. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na geti la nyumba ya daktari wa mifugo, lenye kufuli mbili zisizo na kazi zilizochomelewa katikati, na huo ulikuwa Mlango wa Mahakimu. Alitembea polepole mno hata mwanamke aliyekuwa akifagia akamuuliza kama amepotea.

"Hapana, mama. Naangalia tu."

Nyumba ya kaka yenyewe haikuwa na geti. Kulikuwa na bati limeegemezwa kwa tofali.

"Usishangae," wifi yake alisema akimpokea begi. "Mganga hajigangi. Miaka yote naambiwa wiki ijayo."

Kaka alitoka karakanani akiwa ameinua barakoa ya kuchomelea juu ya kichwa. Nywele za pembeni zilikuwa zimeshaota mvi. Alikuwa mpole, mwenye maneno ya kupima, akamuuliza habari za safari, za kazi, za afya, kama anavyoulizwa mgeni. Wakati wa chakula alisikiliza zaidi ya kusema. Kasuku alimtazama akimtafuta yule mtu wa vyombo na nguo za kukunja, asimwone.

Alasiri akamfuata karakanani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kaka, haya mageti umeyatoa wapi?"

"Mkono tu. Mteja akisema nifanye ninavyojua, mkono unakwenda wenyewe."

"Lile la kwanza ni Mlango wa Chumvi."

Alilitazama bomba lililokuwa mbele yake. Kisha akacheka, akajikuna shingo. "Kumbe. Nilijua nimeliona mahali."

"Na yule mlinzi wake, unamkumbuka?"

"Kulikuwa na mlinzi?"

"Kaka. Alikufa mikononi mwa mwenzake. Ulilia ukasema ni moshi wa jiko."

"Simkumbuki," alisema, na alisema kweli. "Naikumbuka ile bahari. Nakumbuka wenyeji walivyopanga nyumba zao ili kivuli chake kisiwaangukie. Watu wamenitoka."

Basi akamsimulia. Alianza na mlinzi, akaja kwa yule msichana wa ramani, akaja kwa hakimu aliyejihukumu mwenyewe, na kaka akiwa anakata vyuma alikuwa akisimama kila mara kuuliza: hiyo ilikuwa upande gani wa mto, na je, ile sheria ya kiu ilifutwa? Yeye hakumkumbuka mtu hata mmoja, na dada yake hakuwa na uhakika mto ulielekea wapi. Wakiunganisha walichokumbuka, hadithi ilitembea. Kwa muda ule sauti ya kaka ikapanda, ikawa ya zamani.

"Na mwisho wake?" aliuliza. "Kijana kabadilika?"

"Hata kidogo. Kacheka kile kile kicheko, mlango ukafungwa."

"Safi sana."

"Wewe unaona safi. Mimi nililia kwa sababu hukuwepo wa kuniudhi." Akatazama chini. "Umebadilika, kaka. Nimekuja kukutafuta, nimemkuta mtu mwenye adabu."

Kaka aliweka grenda chini. 

"Wewe ndiye uliyetaka watu wabadilike," alisema. "Mimi nilikuambia tangu zamani kwamba dunia ndiyo inayokua, ukaniambia hapana, ni mtu. Basi mimi nimekuwa mtu wa hadithi yako, Kasuku. Mbona sasa humtaki?"

 Alikuwa amempenda mbeba kengele kwa sababu kila sura ilimkuta tofauti, na sasa ndugu yake wa damu amekuwa tofauti, naye anatamani angekuwa yule mwenye kicheko kimoja. Alijifuta macho kwa upindo wa mtandio. Kaka akamsogezea kipande cha bomba, akamwomba amshikie ncha ya pili, naye akaishika, akageuza uso pembeni cheche zikiruka.

Likizo ilipokwisha alirudi chumba chake cha nyuma. Simu sasa huja Jumapili, lakini si za "umeona". Kaka humweleza habari za goti lake, za daktari wa mifugo anayegombana na jogoo wake mwenyewe, za wifi aliyejiandikisha kwenye kwaya ingawa sauti hana. Kasuku husikiliza. Amewajua majirani wale kwa majina ya utani na kwa tabia zao, nani amepatana na nani. Simu ikikatika hubaki ameishika kidogo, akitamani mabishano ya zamani asiyoweza kuyaomba, halafu huinuka akaweka maji motoni.